Hadi Ichemke

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwisha. Naandika mapema ili isije ikasemwa kwamba sikujua.

Asubuhi Mama Muibat amefungua friza yake, akanusa, akaifunga. Hakusema kitu. Tumeoana miaka thelathini na moja na bado hakuna kinachonitisha kama mke wangu asiposema kitu. Katoni mbili za samaki, aliowanunua Ijumaa wakiwa wagumu kama matofali, zimelainika zote. Wiki nzima umeme umekuja kama mgeni mwenye haraka, nusu saa hapa, saa moja pale. Jenereta nayo haiwezekani kuiwasha kutwa kwa petroli ya siku hizi. Samaki wameenda kwa paka. Paka wa mji huu wa Osogbo sasa ni wanene kuliko mimi.

Kisha akasema. Mfungo unaanza Jumatatu ijayo. Mtaa mzima utataka maji baridi na samaki wa kufuturu, na huo mwezi mmoja ndio unaoibeba biashara yake nusu mwaka. Kwa hiyo ananipa hadi Jumapili. Nikimpatia betri ya kuendesha friza, vizuri. Nisipompatia, atavuka barabara na kuinunua kwa Abosede.

Kwa Abosede! Mke wa fundi betri akanunue betri kwa mwanafunzi wa fundi betri, mbele ya wateja wa fundi betri. Si afadhali anitie mimi humo ndani ya friza na kufunga mlango.

Nieleze, ingawa msomaji wa daftari hili ni mimi peke yangu. Nimechaji betri za magari katika banda hili miaka ishirini na minane. Suruali zangu zote zina matundu ya asidi, na hayo matundu ndiyo shahada yangu. Abosede nimemfundisha mimi. Miaka minne alinishikia koleo. Siku ya kumpa uhuru wake, alipohitimu ufundi, nilimwombea dua, nikamkabidhi mita yangu ya pili ya kupimia umeme, watu wakala wali wakashiba. Akaenda Lagos. Akarudi na betri za lithiamu, akafungua duka la vioo ng'ambo ya barabara, hatua kumi na tisa kutoka bandani kwangu. Nimezihesabu.

Na kila asubuhi anavuka hatua zote hizo, anapiga magoti kwenye vumbi mbele za watu na kuniuliza mmeamkaje, Oga, yaani bosi. Mmeamkaje, kwa wingi, kama vile mimi ni umati. Leo amekaa magotini muda mrefu kuliko jana. Hiyo ni dharau, asiyeiona ni kipofu.

Nimeamua. Nitaunda betri ya lithiamu kwa mikono yangu. Betri ni betri.


Jumanne, 5 Machi

Lasisi, anayetengeneza kompyuta nyuma ya soko, ana gunia la betri za kompyuta zilizokufa. Mwaka mzima amekuwa akilikalia kama kiti. Nikamwambia nalihitaji kwa jambo la siri sana. Akaniuliza kama ni ile friza ya mke wangu. Mtaa huu, hata ukiota ndoto, jirani anaamka akiisimulia.

Tumekubaliana anipe gunia, nami nimchajie betri ya gari lake bure maisha yote. Akataka kujua maisha ya nani, yake au ya gari. Nikamwambia atakayetangulia kufa. Lile gari nimeliona, sina wasiwasi.

Kutwa nzima nimevunja maganda kwa bisibisi. Ndani kuna seli, vidude vya mviringo vinene kama kidole gumba cha mtu aliyeshiba, sita sita. Nimepata nzima tisini na tatu. Moja niliitoboa kwa bahati mbaya. Ikatoa harufu tamu, kama ya rangi ya kucha, ikaanza kupata moto mkononi mwangu. Nikaitupa mtaroni, ikafuka moshi huko hadi nikamaliza kula. Hiyo ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Sasa ni tisini na mbili.

Abosede amekuja na bagia za kunde, za moto. Akapiga magoti. Akaomba dakika chache, eti ana jambo la kuzungumza nami faragha. Nikamwambia sina nafasi. Akalitazama gunia, akafungua mdomo. Nikamwambia tena sina nafasi. Akarudi kwake kichwa chini. Bagia nimezila, maana zenyewe hazina kosa.

Nimepiga hesabu yangu. Seli moja ikijaa ni volti nne na kidogo. Ukifunga tatu kwa mstari unapata kumi na mbili na nusu na ushee. Na betri ya gari iliyojaa inasoma nini? Hivyo hivyo! Kwa hiyo chaja yangu ya siku zote inatosha. Nimecheka peke yangu hadi nikakohoa. Kumbe miaka yote hii walikuwa wanatutisha kwa jina tu.


Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya. Naiandika kwa kifupi.

Asubuhi ilikuwa njema. Nilipima seli zote kwa namna ya kifundi. Watu wa siku hizi wanapima kwa mita. Fundi anapima kwa cheche: unagusanisha ncha mbili kwa waya, unatazama cheche, unasikiliza mlio wake. Bosi wangu marehemu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa hivyo. Zenye cheche nene nimeziweka kulia, zenye cheche nyembamba kushoto. Zisizo na cheche kabisa zimelala tu; chaja itaziamsha.

Nikachukua nne bora nikatia mfukoni nikamwonyeshe Lasisi. Mfuko huo huo una funguo za banda.

Mbele ya msikiti nikahisi joto kwenye paja. Nikadhani ni jua. Hatua tatu mbele nikajua kwamba si jua. Nilivua suruali mbele ya msikiti. Sitaandika zaidi.

Naandika zaidi. Watu wa adhuhuri walikuwa wanatoka. Imamu alikuwa wa kwanza. Niliruka ruka nikiwa na kofia, kanzu fupi na aibu, na suruali inafuka moshi barabarani. Na nani aliyekuja na ndoo ya maji? Abosede. Alikuja akitembea kinyumenyume, njia nzima kutoka dukani kwake, ili asimwone Oga wake bila suruali. Alijikwaa mara mbili. Akaitua ndoo nyuma yake, akasema pole, Oga, funguo na seli havikai mfuko mmoja, na akaondoka vile vile bila kugeuka. Watu wakasema mtoto huyu ana adabu kwelikweli. Adabu yake inaniua.

Nimepata jambo moja jema. Suruali ina tundu jipya, kubwa. Kwa hiyo lithiamu nayo inatoboa suruali kama asidi. Nilisema betri ni betri.

Halafu jioni nikagundua wizi. Kwenye kila ganda la kompyuta kumejificha kibao cha kijani, chembamba kama kucha. Nimekichunguza kimoja. Kazi yake ni kukata umeme usiingie betri ikifika kiwango fulani. Hebu fikiria! Wenye viwanda wameweka mlinzi wa kuizuia betri isishibe, ili ife haraka urudi kununua nyingine. Nimevitupa vyote, kumi na sita.


Alhamisi, 7 Machi

Abosede amenihutubia. Katika banda langu mwenyewe! Akiwa amepiga magoti, lakini amenihutubia.

Aliviona vile vibao kwenye pipa la taka. Akaniomba kwa jina la Mungu nivirudishe. Nikamwambia aeleze, nione kama anajua anachokisema au amekariri Lagos.

Akasema ndani ya seli kuna vyumba viwili, na lithiamu inahama kutoka kimoja kwenda kingine, kama wanawake wa sokoni wanaohama kutoka soko la asubuhi kwenda soko la jioni. Ukichaji, wote wanakwenda upande huu. Ukitumia, wanarudi upande ule. Katikati kuna pazia la plastiki, jembamba kuliko karatasi. Soko likishajaa na wewe bado unasukuma watu, wasiopata nafasi wanarundikana mlangoni, na huo mrundikano unakuwa chuma, unaota miiba. Mwiba ukitoboa pazia, vyumba viwili vinakutana. Na maji ya humo ndani si maji, Oga, na wala si asidi. Yanawaka kama petroli. Seli moja ikiwaka inampasha moto jirani yake, jirani anampasha jirani yake. Kibao cha kijani ndicho mlinzi wa mlango wa soko. Anafunga soko likijaa.

Akaongeza kwamba zake yeye ni za aina nyingine, zimechanganywa chuma na fosfeti, zina subira zaidi. Hata hivyo hawezi kulala nyumba moja nazo bila kibao.

Nikamuuliza swali moja tu. Betri ikijaa inachemka, au haichemki? Maana betri yoyote niliyowahi kuishika, ikishiba inachemka. Unaweka sikio, unasikia viputo, unajua tayari. Akasema hii haichemki, Oga, na siku utakayoisikia ikichemka, kimbia. Nikatikisa kichwa kwa huruma. Binti amesahau kila kitu nilichomfundisha.

Kosa ni kwamba Mama Muibat alikuwa amesimama mlangoni na beseni kichwani. Amesikia yote. Wakati wa chakula ameniuliza mara tatu habari za pazia. Nikamwambia ni mambo ya nadharia. Akauliza kama nadharia inaungua. Nimeacha nusu sahani ya amala, ugali wetu wa viazi vikuu, hamu imeniisha. Mke wangu ananitazama kama ninavyotazama betri ambayo haitapona.


Ijumaa, 8 Machi

Ushindi! Naandika kwa furaha, na sijazoea.

Baada ya sala ya Ijumaa nimeziunganisha seli zote, hata zile nne za mfukoni, tatu kwa mstari, mistari thelathini ubavu kwa ubavu. Mbili zilizobaki nimeziweka akiba. Nimezipanga ndani ya ganda tupu la betri ya lori. Juu nimeziba kwa lami ya moto, kama tulivyokuwa tukiziba zamani, hata sisimizi hapati pa kupita. Abosede kwenye zake anaacha vitundu, eti zipumue. Betri inapumua? Ina pua?

Nikaichaji saa mbili tu, kuionjesha. Nikaifunga kwenye inveta yangu ya zamani, inayogeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, na inveta kwenye friza. Kimya. Kisha friza ikaguna, ikatikisika, ikaanza kunguruma!

Ilinguruma dakika thelathini na nane. Mama Muibat aliweka kiganja juu ya mlango wake, akakiacha hapo, kama anavyompima mtoto homa. Akatabasamu. Akasema, Baba Muibat, kumbe unaweza. Maneno manne. Sikumbuki mara ya mwisho kuyasikia. Usiku huu amala imekuja na vipande viwili vya nyama, na kimoja kilikuwa chake.

Lasisi alikuja kushuhudia. Akauliza kwa nini imezima baada ya dakika thelathini na nane. Nikamweleza polepole, kama unavyomweleza mtu asiyejua betri, kwamba haijashiba. Kesho nitaichaji kutwa. Hadi ichemke.

Niliangalia ng'ambo ya barabara. Abosede alikuwa amesimama nyuma ya kioo chake, mikono kichwani. Wivu ni ugonjwa mbaya.


Jumamosi, 9 Machi

Niko hai. Mama Muibat yuko hai. Naanza na hayo.

Nilianza kuchaji saa tatu asubuhi, kwa jenereta na chaja yangu kubwa, ile isiyo na ujinga wa kujizima. Saa sita mita ilisoma kumi na mbili na nukta sita. Mtu mwingine angesema imejaa. Lakini mita kusoma si betri kujaa. Nikaacha. Saa nane ikasoma kumi na nne. Nikaweka sikio: kimya. Saa tisa, kumi na tano. Ganda lilikuwa la moto vizuri na lami ya juu imetuna kidogo, imenawiri. Sikio tena: kimya. Nilianza kukata tamaa.

Saa tisa na nusu nikasikia. Ndani kabisa, ssss. Kama maji kwenye sufuria kabla hayajatokota.

Nilipiga kelele. Nikawaita watu. Nikamwita Mama Muibat aache samaki, aje asikie mwenyewe, maana nani atakayesema sasa kwamba haichemki? Akaja anapangusa mikono. Nikamwonyesha pa kuweka sikio. Akainama.

Hapo ndipo nilipomwona Abosede. Sijawahi kumwona akikimbia. Hakupiga magoti. Hakusema mmeamkaje. Hakusema Oga. Alimkamata mke wangu kiunoni kwa khanga yake na kumvuta wakaanguka wote wawili kwenye vumbi, akanipigia ukelele mimi, mwalimu wake, akiniambia toka hapo wewe mzee. Nikageuka nimuulize anaongea na nani.

Lami iliruka hadi kwenye paa. Nyuma yake moshi, mweupe kisha mweusi, kisha moto ulionyooka kama wa kuchomelea vyuma. Seli zikaanza kulipuka moja moja, kisha kumi kumi. Zilikuwa zinaruka. Moja ilivuka barabara. Nilitaka kumwaga mchanga, Abosede akasema mchanga hautatosha, ndani bado itaendelea kuungua. Tusivute moshi huo, na maji yaje mengi ya kuipoza. Wakamwaga maji ya visima vitatu. Kila walipodhani imekufa, ikaamka.

Nusu ya banda imekwenda. Chaja yangu imekwenda. Nusu ya ndevu zangu imekwenda, ya kushoto. Kilemba cha Mama Muibat kilipatikana kwenye benchi, pale pale ambapo kichwa chake kilikuwa, kimebaki pindo.

Niliogopa. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Sijawahi kuogopa vile. Nilimtazama mke wangu amekaa kwenye vumbi na kichwa wazi, nikakaa kando yake.

Ila yule binti kuniita mzee mbele ya watu, hilo nitalikumbuka.


Jumapili, 10 Machi

Mama Muibat hasemi nami. Hata kunilaumu hanilaumu.

Abosede alikuwa ameyasukuma mabaki kwa mti mrefu hadi kwenye uwanja mtupu, akaacha neno kwamba yasiguswe siku mbili, kwamba zilizobaki bado zina moto ndani na zinaweza kuamka. Lakini asubuhi kwa mbali niliona seli kadhaa zinang'aa, nzima kabisa. Nikazirudisha bandani nizihesabu. Zilikuwa kumi na tisa. Nikaigusa moja kwa koleo.

Nusu ya pili ya banda imekwenda.

Jioni, wakati watu wako nje wanautafuta mwezi, Abosede na Lasisi wamevuka barabara wamebeba sanduku la chuma, jipya, la buluu. Wakalitua barazani kwetu. Kumbe mwezi umeonekana, watu wanashangilia mtaa mzima, na mimi nasoma maandishi ya rangi nyeupe kwenye sanduku: GANIYU ADELAKUN NA WANAFUNZI WAKE.

Ganiyu Adelakun ni mimi.

Ndipo Mama Muibat akasema. Betri hii ameinunua tangu Januari, kwa samaki wake. Abosede alikataa kuifunga. Akasema haiwezekani betri iingie nyumba ya Oga wake kwa mkono mwingine; ataileta bandani kwangu, nitaifunga mimi, itakuwa na jina langu, na mtaa utajua ni kazi yangu. Mara sita amekuja kuniambia, na mara sita sikuwa na nafasi. Ile siku ya mwisho niliyopewa, Jumapili, haikuwa ya kuunda betri. Mke wangu alidhani nikibanwa nitavuka barabara nikazungumze na mtoto niliyemlea. Ni hilo tu alilolitaka. Akasema alinisubiri wiki nzima nivuke, na badala yake nikamwita aje aweke sikio.

Abosede alikuwa amepiga magoti tena, akaomba radhi kwa neno mzee. Ngozi ya mkono wake imeungua hadi kwenye kiwiko. Alinikabidhi spana kwa mikono miwili, akanionyesha pa kukaza, akanisimamia nyuma kama nilivyokuwa nikimsimamia yeye. Nilikaza. Friza ikanguruma. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikalia kidogo, na ndevu zangu za upande mmoja.


Jumatatu, 11 Machi

Siku ya kwanza ya mfungo. Friza haijanyamaza tangu jana, na asubuhi Lasisi amefunga paneli za jua za betri hii juu ya paa letu. Wakati wa kufuturu foleni ilifika kwenye kona. Maji ya Mama Muibat yalikuwa baridi hadi yanauma meno, na samaki wake walitoka wagumu kama matofali. Amezungumza nami mara mbili. Mara moja alisema nisogee.

Kila mtu amelisoma sanduku. Imamu mwenyewe ameinama akasoma, akanishika mkono akasema Mungu anatoa mtihani na anatoa faraja. Mama mmoja wa mtaa wa Ayetoro ameuliza nitamfungia lini ya kwake. Sikusema kwamba nimeiunda. Sikusema kwamba sikuiunda. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, na watu wakapenda.

Abosede amepita asubuhi, mkono kwenye bandeji. Mmeamkaje, Oga. Nimemjibu vizuri. Ameniomba niwe nikienda dukani kwake saa za mchana, eti tubadilishane ujuzi. Nimesema nitafikiria. Huenda ameona kwamba anahitaji mtu mzima pale.


Jumanne, 12 Machi

Nimeitazama taa ya betri tangu alfajiri. Ni ya kijani, na pembeni inaandika tisini kwa mia. Saa nne, tisini. Saa sita, jua kali limekaa juu ya paneli, umeme unabubujika, na bado tisini. Nikamtuma Lasisi akamuulize Abosede. Jibu limekuja na heshima zote: ameiwekea mpaka hapo kwa makusudi, kibao kinakata, na ikikaa hivyo itadumu miaka kumi.

Nimekaa nikalifikiria jambo hili bila hasira. Kumi kwa mia inayobaki inakwenda wapi? Jua linaitoa, paneli zinaipokea, betri haiipati. Nani anaila?

Foleni ya jana iliniumiza moyo. Watu wanane walirudi bila maji baridi. Nilimwona Mama Muibat akiwaomba radhi, na kilemba chake kipya bado hajakizoea, anakishika shika. Hajanitazama kama alivyonitazama Ijumaa ile. Ile kumi kwa mia ingewatosha wale wanane. Angesema tena, Baba Muibat, kumbe unaweza.

Na jina lililo juu ya sanduku ni la nani? La Abosede? Mtaa mzima umesoma, na Imamu ni shahidi. Ni langu. Kama jina ni langu, betri ni yangu, na fundi haombi ruhusa kuifungua betri yake.

Mama Muibat amekwenda kuchukua samaki. Abosede yuko mji wa Ilesa, anamfungia mtu betri. Nyumba imetulia, watu wamelala na saumu zao. Kifuniko kinachokificha kibao kina skrubu nane tu. Nimeshatoa sita, na mpaka sasa hakuna kibaya kilichotokea.